Mzunguko wa Darbat

Saa kumi na mbili asubuhi, kilomita sifuri,
nyuma ya kituo cha petroli, Taqa.
Bakhit analibinya tairi langu kwa kidole gumba
kama mtu anayenunua papai.
“Limejaa mno,” anasema, na kulipunguza upepo.
Matope, anasema, hayampendi mwenye kiburi.

Ni wiki ya tano ya kharifu.
Kwa mama, Maskati, boneti la gari linakaanga yai;
huku mlima umejifunika ukungu hadi puani
na ng'ombe wanatokea mmoja mmoja, hawana miguu.

Jana usiku aliniuliza kwenye simu:
“Mtu mzima wewe, na chuma hicho, wakimbilia wapi?”
Nikamwambia, nakwenda mpaka nilipoanzia.
Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo.
Yeye aliondoka Mkunazini na sanduku moja,
na njia yake haikupinda.

Gia ya kwanza.
Bado gia ya kwanza. Chini yake hakuna nyingine, nimeshatafuta.
Mwinuko hauna haraka, unajua nitakuja.
Udongo mwekundu unang'ang'ania magurudumu
kama ugali mbichi kwenye mwiko,
moyo umehamia masikioni,
na manyunyu yale, si mvua, si jasho,
yanadondoka puani mwangu kwa zamu.

Juu, kwenye mgongo wa mlima,
njia ina upana wa kanga iliyokunjwa mara mbili.
Kushoto miti, minyevu, imeinamiana kama watu msibani.
Kulia hakuna kitu: weupe tu,
na chini ya weupe, sauti ya maji.
Ngamia jike amelala katikati, anatafuna.
Bakhit anamsemesha kwa Kijibali, kwa adabu, kama shangazi yake.
Hapishi.
Tunabeba baiskeli begani, tunazunguka kwenye miiba,
na yeye anatutazama jinsi tunavyoteseka na vyuma vyetu.

Mteremko.
“Usilitazame jiwe,” anapiga kelele kutoka mbele,
“ukilitazama utaligonga! Tazama pengo!”
Nalitazama jiwe.

Goti linavuja damu, si nyingi. Twende.

Vijito ni vinne. Vitatu nimevivuka mkavu,
kwa sababu mimi siku tano za wiki
nahesabu mayai ya kichocho kwenye darubini,
na kila bwawa tulivu huliona kwa jicho la maabara:
konokono, jani, konokono.
Cha nne kina jiwe lenye ukoga.
Nimekwenda chini mzima mzima, mimi na elimu yangu,
maji mpaka mdomoni, matamu, baridi.
Bakhit ameshika mti asianguke kwa kicheko.
Sawa. Dawa naijua, na kipimo nakijua:
vidonge huhesabiwa kwa uzito,
na uzito wangu leo ni pamoja na matope.

Cheni imekatika chini ya mkwaju.
Sikuutambua mpaka nilipokanyaga maganda ya mwaka jana,
kah, kah, sauti ya jikoni kwetu Ijumaa.
Bakhit anauita kwa jina jingine,
analitamka kwa pembeni ya ulimi, nalijaribu, silipati.
Anatia pini, anagonga kwa jiwe,
mikono yake myeusi kwa grisi.
Mimi namung'unya ukwaju mkongwe, mchungu, una mchanga,
na mate yananijaa kama mtoto.

Kilomita thelathini na moja. Kituo kilekile.
Mhudumu ananipa mpira wa maji bila kuuliza,
mlima unatoka kwenye spoki, vipande vipande,
unaelekea mtaroni.

Simu. Mama.
“Umefika?”
Nimefika.
“Huko ulikoanzia?”
Hukohuko.
Napasikia anapovuta pumzi.
“Haya, niambie. Pakoje?”

Natazama: pampu mbili,
paka juu ya kreti za soda,
ukungu umeshuka hadi kwenye taa.
Pamebadilika kidogo, namwambia.
Pana matope.